Anayesahihisha Jioni

Kazi hii sikuiomba. Nilistaafu ualimu nikiwa na miguu inayovimba na hamu moja tu, kulala mpaka jua liwe kali. Lakini Hetal, mjukuu wa Manubhai mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Korogwe mjini, alinifuata mpaka Kilole, akaketi barazani kwangu, akasema, "Mwalimu Yuditha, tunawafungia wanafunzi wa sekondari intaneti nyumbani, wale ambao wazazi wao hawana uwezo. Tunahitaji mtu wa kuzifuatilia hizo nyumba." Nikamwambia si ana mashine zake, azitume. Akasema mashine haijui kupiga hodi. Basi akanipata.

Mradi wenyewe ni rahisi kuueleza. Nyumba yenye mwanafunzi inafungiwa antena juu ya bati na kisanduku cheupe ndani, na mtoto anapewa kishikwambi chenye masomo na mazoezi. Mzazi anachangia kila mwezi kiasi ambacho hata muuza mchicha anakimudu. Mazoezi yanasahihishwa na mfumo wenyewe. Ukipata unawekewa alama ya kijani, ukikosa nyekundu, kisha unaruhusiwa kujaribu mara ya pili. Ila jaribio la kwanza ndilo linaloingia kwenye ripoti. Nyumba ikipata sifuri mwezi mzima, mimi nakwenda kuangalia kulikoni, na mara nyingi narudi na kisanduku mapajani, kwa sababu vifaa ni vichache na wanaosubiri ni wengi. Sheria hiyo sikuitunga mimi, lakini nimeisimamia bila kupepesa macho. Mwalimu akimhurumia mtoto mmoja kupita kiasi, jua kuna mwenzake anaonewa.

Na mimi, kama mfanyakazi, nilifungiwa kisanduku changu kule Kilole. Mwanangu Denis ni dereva wa malori, alioa Ndola huko Zambia na hajarudi huu mwaka wa tano. Wajukuu wangu wawili nawajua kwa kioo tu. Kila Jumapili naoga, nafunga kitenge kizuri, nakaa mbele ya simu kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Wanaongea Kibemba na Kiingereza, mimi Kiswahili, na tunacheka sana bila kuelewana. Simu ikikatika nyumba inanuka upweke.

Mwezi wa nane Hetal aliniletea jina la Joyceline, kidato cha tatu, anayeishi na mama yake Misima, wilaya ya Handeni. Wiki sita mfululizo, sifuri. Hata swali moja la kubahatisha hakupata. Na aliyefuata kwenye orodha alikuwa Muhsin wa Sindeni, kidato cha nne, mtihani wa taifa mwezi wa kumi na moja. Baba yake alikuwa ananipigia simu kila asubuhi kabla sijapiga mswaki. "Shikamoo mwalimu, bado tu?" Nami najibu, "Marahaba, bado," na moyo unaniuma, maana kijana mwenyewe alikuwa anatembea saa nzima kwenda kuazima simu ya intaneti ya mjomba wake.

"Tukakitoe," alisema Hetal.

"Kwanza nitolee majibu yake kwenye karatasi," nikasema. Sijawahi kumhukumu mtoto bila kuona daftari lake, na sikutaka kuanza uzeeni.

Akanichapia kurasa kumi. Nikavaa miwani. Kurasa za miezi ya nyuma zilikuwa za mtoto wa leo hasa. Swali linauliza, yeye anajibu 9. Linauliza tena, anajibu 34. Hana salamu wala kwaheri, na kijani imetanda ukurasa mzima. Hisabati alikuwa anaila kama karanga. Halafu kuanzia wiki sita zilizopita, jibu la kwanza lilisomeka hivi: "Shikamoo mwalimu. Jibu ni tisa. Naomba kusahihishwa." Nyekundu. La swali la pili: "Shikamoo mwalimu. Jibu ni thelathini na nne. Naomba kusahihishwa." Nyekundu. Na kuendelea hivyo hivyo, kurasa saba.

Hetal alicheka mpaka akashika meza. "Mwalimu, anaamkia mfumo! Mfumo unasubiri namba, yeye anaupa shikamoo. Hata akipata, atakosa."

Mimi nilicheka pia, kisha kicheko kikanikauka. Mtoto wa leo hata mwalimu aliye hai mbele yake anamwamkia kwa kusukumwa, ataamkia kioo? Halafu hilo la "naomba kusahihishwa" nilikuwa nalijua. Nilikuwa nalifundisha mwenyewe. Nilipokuwa mwalimu wa shule ya msingi Misima, kabla hata Hetal hajazaliwa, mtoto wangu hakujibu swali bila kusimama, kuamkia, kutoa jibu na kuomba kusahihishwa. Walimu wenzangu walinicheka wakasema nafuga makarani.

"Washa gari," nikamwambia Hetal. "Huyu si Joyceline."

Tulikwenda na kirikuu cha duka, kile kigari kidogo cha mizigo, ngazi na nyaya nyuma. Hetal anaendesha kama anadaiwa na barabara. Tulipopita Sindeni nilitazama upande wa pili, nisije nikamwona baba yake Muhsin.

Nyumba ilikuwa ya tofali za kuchoma, antena yetu juu ya bati, na uani mwanamke ameketi mkekani akipukuchua mahindi. Alipotuona aliinuka, akapangusa mikono kwenye kanga. Akanitazama. Kisha akapiga goti kidogo, mtu mzima mwenye mvi mbili tatu.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba," nikasema. "Grasiana wa Dunstan."

"Umenikumbuka!"

Ningemsahauje? Mwaka ule alikuwa msichana pekee wa shule yetu aliyechaguliwa kwenda sekondari. Baba yake, mzee Dunstan, aliletwa kutoka bara kukata mkonge, na mkonge ulipokufa akabaki na shamba la mahindi na watoto saba. Alisema uwezo wake ni wa kusomesha mtoto mmoja, na huyo mmoja ni Eliasi, kaka yake Grasiana. Nilikwenda kwake kumsihi. Akanipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho, akakataa kwa adabu. Sikurudi mara ya pili. Nilijiambia nimetimiza wajibu, na nimekuwa nikijiambia hivyo kwa karibu miaka thelathini, jambo ambalo mtu aliyetimiza wajibu hahitaji kufanya. Siku ile binti alinisindikiza mpaka njia panda. Hakulia. Aliniuliza tu kama hesabu za sekondari ni ngumu sana. Nikamwambia ni zile zile, ila zimeongezwa herufi.

Hetal naye alimwamkia, tukakaribishwa mkekani. Nikaona nisizunguke.

"Grasiana, Joyceline yuko wapi?"

Alichukua gunzi akaanza kulipukuchua, na lilikuwa halina hata punje moja.

"Yuko shule," akasema.

"Grasiana."

Akaliweka gunzi chini. "Yuko Mombo. Kwa mdogo wangu Yusta. Wanauzia abiria wa mabasi mayai na mahindi ya kuchemsha. Wiki ya saba sasa."

"Kafukuzwa?"

"Nimemfukuza mimi, mwalimu, bila kumwambia toka." Alisema haya akitazama mlango wa nyumba. "Ile intaneti ilipofungwa hapa nyumbani, nilikuwa kama mwendawazimu. Akifungua somo, nami nipo pembeni yake. Akisoma, nasoma. Akitaka kupumzika, namwambia, ningepata mimi hiki! Akisinzia, ningepata mimi hiki! Kila siku, mwalimu. Mtoto hapumui. Siku moja akafunga kile kishikwambi, akakiweka mapajani kwangu, akasema, basi soma wewe. Asubuhi nilipotoka shamba sikumkuta."

"Hujamfuata?"

"Nimempigia Yusta. Anasema mtoto hataki kuongea na mimi. Nikienda nitasema nini? Nikifungua mdomo nitasema shule, najijua." Machozi yalimtoka, akayaacha yatiririke. "Namtamani mwanangu mpaka nasikia njaa wakati nimeshiba. Nikaona, aliniambia nisome, basi angalau hilo nimtii. Na kisanduku kisije kikachukuliwa kwa kukaa bure. Akirudi akikute."

Mchelea mwana kulia hulia yeye, ndivyo tunavyowaambia wazazi. Hakuna aliyetufundisha la kumwambia yule aliyemliza mwanawe kwa kumtakia mema, na mwisho akalia yeye. Nilikohoa, nikavaa ukali wangu wa kazini, maana nilikuwa nakaribia kulia mbele ya Hetal.

"Sasa unajua unapata sifuri?"

"Najua mfumo wenu unaniwekea nyekundu," akasema, na hapo kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Lakini mwalimu wa jioni hanioni mjinga."

"Mwalimu gani?"

"Huyo anayenisahihisha. Mimi nafanya mazoezi asubuhi kabla ya shamba. Jioni, saa kumi na moja hivi, nikifungua nakuta yale niliyokosea kweli yameandikwa majibu yake, pale kwenye jaribio la pili. Yale niliyopata hayagusi, ingawa yana nyekundu. Ndivyo ninavyojua nimepata. Ni mwalimu mzuri, ila mkimya. Salamu yangu hajawahi kuitikia hata siku moja. Sijui nimemkosea nini." Kisha akanigeukia kama anayedai chake. "Na wewe ulinidanganya. Ulisema ni hesabu zile zile zimeongezwa herufi. Hukuniambia kuna namba hasi. Zoezi lile nimelirudia mara nne, swali la saba linanishinda. Hasi nne mara hasi tatu. Nawezaje kuzidisha hasara kwa hasara nikapata faida? Mimi nimelima Misima, sijawahi kuona."

Nilimtazama Hetal. Hetal alikuwa haniangalii, alishafungua kompyuta yake juu ya mahindi.

"Mama," akasema taratibu, "hatuna mwalimu wa jioni. Kuna mfumo tu."

"Yupo. Anaandika kila siku."

"Naona. Majaribio ya pili yapo, mengi. Ripoti yetu haikuwa inayasoma." Aligusagusa vitufe, akanyamaza, akagusa tena. Hetal ni msichana wa maneno mengi, kwa hiyo nilijua kuna jambo. "Hayajaandikwa hapa nyumbani. Yanatoka kwenye simu moja, mtu kaingia kwa jina la Joyceline na neno lake la siri. Kila siku, kati ya saa kumi na saa kumi na mbili." Akainua uso. "Simu iko Mombo."

Kuku walikuwa wanadonoa punje pembeni ya mkeka na hakuna aliyewafukuza. Grasiana alijishika kifua kwa mikono miwili. Nilidhani atapiga kelele. Akasema kwa sauti ndogo sana, "Ndiyo maana hakuitikia."

Ilinichukua muda kidogo kuelewa. Wiki sita mama anampa mwanawe shikamoo bila kujua. Na mtoto yule, pamoja na hasira zake zote, ameshika simu katikati ya makelele ya makondakta, anaisoma salamu ya mama yake, na hawezi kuitikia marahaba. Mtoto gani atathubutu? Kuikataa hawezi pia. Alichoweza ni kumrekebishia hesabu zake na kuondoka.

"Nimwandikie nini, mwalimu?" Alishafuata kishikwambi ndani. "Nikimwambia rudi, ataniona ni yule yule."

"Usimwambie rudi."

"Nimwambie nini sasa?"

"Angekuwa anaingia mlangoni sasa hivi ungemwambia nini?"

Alifungua lile zoezi la namba hasi, akashuka mpaka swali la saba, akaandika kwa kidole kimoja, herufi moja moja. Mara hii hakuamkia. Aliandika: "Joy, umekula?" Mfumo ukaweka nyekundu papo hapo.

Ilikuwa saa kumi kasoro. Tukasubiri. Grasiana akatuletea mihogo ya kuchemsha, na hakuna kati yetu aliyejua ina ladha gani, kwa jinsi macho yalivyokuwa kwenye kile kioo. Saa kumi ikapita. Mimi nikatoa fomu kwenye mkoba, kwa sababu kazi ni kazi. Swali la kwanza la fomu linasema: Mwanafunzi yumo nyumbani? Nikaitazama antena juu ya bati. Kwa sheria nilitakiwa kumwambia Hetal apande ngazi. Nilimwita pembeni, karibu na gari.

"Andika Grasiana," nikamwambia. "Jumatatu nampeleka mwenyewe Handeni mjini, kituo cha elimu ya watu wazima, aandikishwe sekondari. Sheria inasema mwanafunzi wa sekondari. Haikutaja mvi."

Hetal alitikisa kichwa. "Akiandikwa leo, mwalimu, anakuwa wa mwisho kwenye orodha. Kuna watu kumi na mmoja mbele yake. Muhsin ndiye wa kwanza, na wewe ndiye uliyenifundisha habari ya kuonea."

Alikuwa na haki, na ilinikera kwamba alikuwa na haki. Nilisimama pale nikihesabu vifaa vyote vya mradi kichwani, nyumba hadi nyumba, nikitafuta kimoja kisicho na mtoto. Nilikipata haraka kuliko nilivyotaka.

"Kile cha Kilole," nikasema. "Cha kwangu. Kesho asubuhi kang'oe, ukamfungie Muhsin. Orodha inapata kisanduku chake, na hiki kinabaki hapa."

"Na Denis? Na wajukuu?"

"Kwani dukani kwenu hakuna intaneti? Jumapili nitakuja nikae barazani kwa babu yako."

"Jumapili tunafunga, mwalimu."

"Basi mtafungua!" nilimfokea, na wala kosa halikuwa lake. Usinisifu, msomaji. Nilipomaliza kufoka nililia kidogo nyuma ya kirikuu, nikimfikiria yule mjukuu mdogo anayenionyesha meno yake yanavyong'oka. Deni langu kwa nyumba hii lilikuwa la safari moja, ile ya pili ambayo sikuja. Sikujua itanigharimu Jumapili zangu.

Tuliporudi mkekani saa kumi na moja ilikuwa imeshapita. Grasiana hakuwa amesogea. Mabasi ya jioni yalikuwa yanapita Mombo muda huo, nikamwona Joyceline kichwani, sahani ya mayai juu, anakimbilia madirishani. Saa kumi na moja na nusu hakukuwa na kitu. Hetal alianza kusema labda leo biashara ni nzito, Grasiana akamwinulia mkono anyamaze.

Kisha nafasi ya jaribio la pili ikajaa maandishi. Grasiana alinisukumia kishikwambi. "Nisomee, mwalimu. Mimi macho hayaoni."

Nikasoma kwa sauti: "Shikamoo mama. Nimekula. Jibu ni 12. Hasi mara hasi ni chanya, nimekuandikia mara nne."

Lilikuwa jibu sahihi kabisa, na mfumo ukaliwekea nyekundu, kwa sababu ya salamu.

Grasiana alikichukua, akakikumbatia kifuani kwa mikono yake yenye vumbi la mahindi, akainamisha kichwa. Hakujaribu kuandika. "Marahaba, mwanangu," akakiambia. "Marahaba. Marahaba."